RANGI, KALAMU NA MKONO WAKO



Safari hii tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo walimu huliona kila wanaposahihisha madaftari, nalo ni kurasa za nyuma. Mbele ya daftari kuna herufi, hukumu za nuni sakina na maswali ya fiqhi. Nyuma kuna mambo mengine kabisa: maua, nyota, jina la mwenye daftari limeandikwa kwa namna kumi, na msikiti wenye minara mingi kuliko msikiti wowote wa hapa Mpanda.

Wazazi wengine wakiziona kurasa hizo hukasirika. Daftari limenunuliwa la kuandikia, wanasema, si la kuchafulia. Wengine hutuuliza kwa upole: mtoto wangu anapenda kuchora, je, nimwache au nimkataze? Na wapo wanafunzi ambao wameacha kabisa, hata kalamu ya rangi hawataki kuishika, kwa sababu waliambiwa neno moja tu, haramu, bila ya maelezo. Hawa ndio wanaotusikitisha zaidi. Mtoto huyo ana jambo moyoni mwake, hajui kulisema kwa mdomo, na mlango alioupata amefungiwa. Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Lipi limekatazwa?

Katika Sahih Bukhari imepokewa kuwa mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.) akamwambia kwamba yeye anaishi kwa kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas akamsomea aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.) juu ya adhabu ya wanaotengeneza sura za viumbe wenye roho. Yule mtu akashtuka, pumzi zikampanda na uso ukambadilika rangi. Hapo Ibn Abbas hakumwacha arudi nyumbani na hofu yake. Alimwambia kuwa ikiwa hana budi kufanya kazi hiyo, basi achore miti na kila kisicho na roho.

Tuitazame hadithi hii vizuri. Mtu alikuja na kazi ya mikono, akaambiwa mpaka uko wapi, kisha akaonyeshwa uwanja uliobaki. Na uwanja huo si mdogo. Miti yote imo, maua, milima, mito, majengo, nyota, maandishi, na maumbo ya hesabu yasiyo na mwisho. Wanafunzi wetu wanaosoma shule za serikali huuliza juu ya panzi na samaki wanaowachora kwenye somo la sayansi. Wapo wanazuoni walioruhusu picha za kufundishia, wakitegemea habari za wanasesere wa Bibi Aisha (R.A.), na wapo waliozuia. Suala hilo na lile la picha za kamera tunawaachia masheikh darasani, kwani makala haya yanahusu ule uwanja ambao hauna mzozo.

Ama wale wanaosema kupenda kitu kizuri ni kiburi, wasome hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) katika Sahih Muslim. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, na akajibiwa kuwa hicho sicho kiburi, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Rangi ina kazi

Wengi wetu tunadhani rangi ni pambo tu, kitu cha kuongezwa mwishoni kama kuna nafasi. Historia ya Msahafu inasema vingine. Misahafu ya mwanzo iliandikwa bila fat-ha, kasra wala dhumma. Waarabu waliweza kuisoma, lakini Uislamu ulipowafikia watu wa lugha nyingine makosa yakaanza kuingia. Inasimuliwa kuwa Abul Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, alimweka mwandishi mbele yake akamwambia amtazame mdomo. Akiufungua mdomo, aweke nukta juu ya herufi. Akiushusha, aweke chini. Akiukusanya, aweke pembeni. Nukta hizo ziliwekwa kwa wino wa rangi nyingine, na katika misahafu ya kale iliyobaki nyingi ni nyekundu. Herufi zilibaki nyeusi, sauti zikawa nyekundu. Alama tunazozitumia leo zilikuja baadaye, nazo zinanasibishwa na al-Khalil bin Ahmad.

Basi mwanafunzi anayesoma Msahafu wa tajwidi wenye rangi, nyekundu kwa madda na kijani kwa ghunna, ajue kuwa wazo hilo lina umri mkubwa.

Huku kwetu Afrika Mashariki pia rangi ilipewa kazi. Katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, upo mji wa Siyu. Katika karne ya 18 na ya 19 waandishi wa huko walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa rangi chache tu: nyeusi, nyekundu na manjano. Baadhi ya misahafu hiyo ipo hadi leo. Rangi tatu, na mtu akifungua ukurasa anajua kuwa hii ni kazi ya Siyu, haikutoka Uturuki wala Uajemi. Hilo tunalitilia mkazo kwa sababu wanafunzi hutuambia hawawezi kuchora kwa vile hawana boksi la rangi ishirini na nne. Uchache wa rangi haukuwazuia watu wa Siyu kuwa na mtindo wao, na kwa maoni yetu huenda ndio uliowasaidia kuupata.

Na kabla yao, katika msikiti wa Kizimkazi kisiwani Unguja kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Hayana rangi hata moja. Kazi yote imefanywa na mwanga na kivuli.

Kalamu ya tete na wino wa koroboi

Sasa tuje kwenye mkono. Khat, yaani uandishi mzuri wa Kiarabu, ndiyo sanaa ambayo mwanafunzi wa madrasa tayari amekwishaianza bila kujua, maana herufi anazo.

Kalamu yake haiuzwi madukani hapa, lakini matete yanaota kila palipo na maji. Chukua tete lililokauka, unene wa kidole kidogo, urefu wa shubiri moja. Lichonge upande mmoja mpaka lipate ulimi, upasue ulimi huo katikati kidogo ili wino upate njia, kisha ukate ncha mshazari kwa kisu kikali kwa pigo moja. Ncha ikikatwa kwa kusitasita huwa na meno, na herufi itakuwa na meno vilevile. Kazi ya kisu ifanywe na mkubwa, au mbele ya mkubwa.

Wino wa asili ni masizi, gundi na maji. Shika sahani ya bati juu ya moto wa koroboi, masizi yatajikusanya. Yakwangue, uyasage pamoja na gundi ya mti wa mgunga iliyolowekwa, uongeze maji kidogo kidogo mpaka wino ukae kwenye kalamu bila kudondoka. Usiharakishe kusaga. Wino uliosagwa kwa dakika tano huacha punje. Wa saa nzima huteleza. Chuponi weka uzi wa hariri au kipande cha soksi ya nailoni, ili kalamu ichote wino kwa kiasi. Masizi yana sifa moja ambayo wino wa dukani aghalabu hauna, nayo ni kuwa hayapauki kwa jua. Katika msikiti wa Sulaymaniyya mjini Istanbul, uliokamilika mwaka 1557, moshi wa taa za mafuta ulielekezwa kwenye chumba kilichoko juu ya mlango, na masizi yake yakatumika kutengenezea wino.

Kipimo cha herufi ni nukta. Weka ncha ya kalamu kwenye karatasi, ivute mshazari kidogo, utapata umbo la almasi. Hiyo ndiyo rula yako. Alif ya Naskh kwa kawaida ina urefu wa nukta tano, ya Thuluth saba. Kanuni hii inanasibishwa na Ibn Muqla wa Baghdad, aliyezaliwa mwaka 886 na kufa 940, ambaye alikuwa waziri wa makhalifa wa Bani Abbas mara tatu. Siasa ikamgeuka, akakatwa mkono wa kulia, akafia gerezani. Inasemekana aliendelea kuandika kwa kuifunga kalamu kwenye kigutu. Baada yake akaja Ibn al-Bawwab, maana yake mtoto wa bawabu, aliyeanza maisha kama fundi wa kupamba nyumba za watu. Msahafu alioandika mwaka 391 Hijria upo hadi leo katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin. Tunawataja hawa wawili pamoja makusudi, mmoja waziri na mwingine fundi rangi.

Mwanafunzi atauliza: kama kila herufi ina kipimo, mimi niko wapi? Si nitakuwa naiga tu? Swali hili ni zuri. Katika utaratibu wa waandishi wa Uturuki, mwanafunzi aliiga maandishi ya mwalimu kwa miaka, na hakuruhusiwa kutia jina lake chini ya kazi mpaka apewe ijaza. Hata hivyo mabwana wale walioiga vipimo vilevile hawafanani, na mjuzi akitazama anamtambua kila mmoja. Tazameni darasani kwetu. Wanafunzi thelathini wanaandika jim ileile ubaoni, na ustadhi akiokota daftari lisilo na jina anajua ni la nani. Mkono wako upo tayari. Kipimo kinausafisha tu ili uonekane.

Karatasi za mazoezi msizitupe ovyo. Waandishi wa zamani walikuwa wakijaza ukurasa mmoja herufi juu ya herufi mpaka ukawa mweusi, kwa nia ya kuuzoeza mkono tu. Kurasa hizo leo huwekwa kwenye fremu na watu huzipenda pengine kuliko kazi zilizokamilika, kwa vile ndani yake mtu anaonekana akitafuta.

Nyota moja, madarasa mawili

Asiyependa kuandika achore nakshi. Hapa vifaa ni bikari na rula, na asiye na bikari atumie uzi na msumari. Chora duara. Bila kubadilisha upana wa bikari, tembea nayo ukingoni. Utaona inakata duara mara sita kamili na kurudi ilipoanza. Unganisha alama moja baada ya kuruka moja, utapata pembetatu mbili zilizopandana, ndiyo nyota ya pembe sita. Chora maduara mengine kutokea kwenye alama zile, na nyota zitaanza kuzaana. Ukipenda pembe nane, chora mraba, kisha mraba mwingine wa kipimo kilekile juu yake ukiwa umezungushwa. Umbo hilo mnalijua, ni lile linaloonyesha robo ya hizbu katika Msahafu.

Sasa ndipo rangi zinapoingia, na tunawaomba mfanye jaribio hili wawili wawili. Chukueni nakshi ileile, mistari ileile. Mmoja apake nyota kwa rangi za joto, yaani nyekundu, chungwa na manjano, na nafasi za katikati aziache buluu. Mwingine ageuze. Ziwekeni pamoja ukutani mrudi nyuma hatua tano. Katika ya kwanza nyota zinakuja mbele; katika ya pili nyota zinazama na nafasi za katikati ndizo zinazokufuata. Watu watadhani ni michoro miwili tofauti.

Rangi za msingi ni tatu, nyekundu, manjano na buluu. Kutokana na hizo unapata chungwa, kijani na zambarau. Kijani na nyekundu zikikaa ubavuni huchangamshana. Zikichanganywa huuana na kuwa rangi ya udongo. Rangi iliyokolea hutakiwa mahali padogo, la sivyo hupiga kelele. Haya si sheria ya dini. Mtu anaweza kuyavunja, ila ayavunje akijua anachokitafuta.

Kuhusu upatikanaji, rangi za maji za dukani zinatosha. Asiye na fedha ana manjano ya jikoni, udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa, chokaa na masizi. Manjano hupauka upesi juani, kwa hiyo kazi yake isitundikwe dirishani. Tone moja la asali kwenye rangi huifanya isipasuke ikikauka, na asali Katavi tunayo. Kazi ni kuwaeleza sisimizi. Mninga nao, ambao misitu yetu inao, ukijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu kama damu unaotia rangi. Hatumwambii mtu akachanje mti kwa ajili ya mchoro, lakini anayepita kwenye mti uliokwishakatwa na aangalie.

Na wote mnakumbuka michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 huko Dar es Salaam kwa kupaka mbao za dari rangi za mafuta zinazong'aa, za aina inayopakwa baiskeli. Yeye alichora wanyama, na sisi hatumfuati hapo. Lakini alitazama kilichopo dukani na kilichopo kwa fundi, akakiokota. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na mtindo umebaki na jina lake.

Kofia ya bibi, mkeka wa shangazi

Tusidhani sanaa hii ni ya wavulana wenye kalamu. Nyumba nyingi zina mwenye kuijua, naye hajaitwa msanii hata siku moja. Kofia ya mkono huanza na mchoro wa penseli juu ya kitambaa cheupe. Kisha vitundu vidogo huzungushiwa uzi kimoja kimoja, ili kichwa kipate hewa na nakshi ipate kuonekana. Ni mamia ya vitundu, na kofia moja huweza kuchukua majuma mengi. Kazi kama hii ni ya pwani, na njia ya misafara ya karne ya 19 iliyopita Tabora hadi Ujiji iliwaunganisha watu wa bara na watu wa pwani, ndipo mambo yao mengi yakatufikia.

Mkeka nao husukwa kwa ukili. Miyaa huchemshwa na rangi ya unga, nyekundu, kijani au zambarau, ikaanikwa, kisha msusi huamua kila chane ipite juu au chini. Muulizeni shangazi kwa nini ameweka zambarau pale na si kijani. Wengine watacheka, watasema imetokea tu. Msikubali haraka. Kaeni naye, mtazameni akichagua. Mtaona anaweka, anatoa, anasogeza mkeka mbali, anautazama kwa jicho moja, kisha anaweka tena. Huko ndiko kujieleza kwa rangi, hata kama yeye halipi jina hilo. Wasichana wetu wanaojifunza jambo hili kwa wakubwa wao wanapungua, wakati mikeka ya plastiki yenye nakshi iliyochapwa kiwandani inaongezeka. Nafuu yake tunaijua, lakini katika mkeka ule hakuna mtu.

Mwanafunzi mmoja wa madrasa yetu alifiwa na bibi yake. Kwa wiki kadhaa hakuwa akizungumza darasani. Alipopewa karatasi ya nakshi kama wenzake, alipaka nyota zote kijivu na nyeusi, isipokuwa moja ya pembeni aliyoipaka rangi ya kanga aliyokuwa akijitanda marehemu. Ustadhi hakumuuliza kitu. Alimwuliza mama yake tu siku ya pili, na ndipo habari ya ile kanga ikajulikana. Baada ya hapo mtoto alileta nyingine, na nyingine, na rangi zikawa zinaongezeka.

Mambo machache ya adabu

Anayeanza kujifunza khat asianze na aya. Aanze na herufi moja moja, kisha jina lake, jina la mama yake, maneno kama sabr na ilm. Karatasi za mazoezi zitakuwa nyingi, zitaanguka chini, nyingine zitaharibika, na si vizuri maneno ya Mwenyezi Mungu (S.W.) yawe miongoni mwake. Zenye majina Yake zikiharibika zikusanywe kwenye boksi lililoko ofisini kwa ustadhi, zitachomwa au kuzikwa inavyostahiki. Aya isiandikwe kwenye kitu kitakachokaliwa au kukanyagwa, hata kikiwa kizuri namna gani.

Ukuta wa nyumba ya kupanga usichorwe bila idhini ya mwenye nyumba. Wazazi nao tunawaomba watenge daftari moja la bei nafuu, liandikwe juu yake kuwa ni la michoro, ili yale ya masomo yabaki salama na kurasa za nyuma zipate mahali pao.

Na wino wa masizi ukidondokea kanzu, usiusugue ukiwa mbichi, utasambaa. Uache ukauke, uukung'ute, kisha ufue kwa sabuni ya kipande na maji baridi zaidi ya mara moja. Doa huenda likabaki. Kwa hiyo siku ya khat njooni na kanzu ya zamani.